Mhadhiri Aliyehamia Msituni

Mhadhiri wa Kisangani anayeacha chuo kikuu ili apige picha za wanyama pori kwa kawaida huandika barua ya kujiuzulu, hununua lenzi, kisha ndipo humweleza mkewe. Mpangilio huo huzaa matatizo ya mwanzo. Majirani wa mtaa wake wa Makiso huendelea kumwita Papa Prof, ila kwa sauti nyingine.

Safari huanzia kwenye toleka, yaani baiskeli ya kukodi, mpaka mtoni, halafu mtumbwi. Stendi ya kamera ikibebwa begani hufanana mno na bunduki, hivyo kila kizuizi hutaka maelezo. Hapo msomi hujitambulisha kuwa ni daktari, na baada ya muda mfupi huletewa mtoto mwenye homa. Udaktari wa falsafa haujawahi kumshusha mtu joto.

Msituni kwenyewe shida ni mwanga. Simba wa Serengeti hupigwa picha juani. Tshopo, mkoa wa Kisangani, ni msitu wa mvua, na jua linalofika chini ya miti ni kidogo sana. Unyevu nao huotesha ukungu ndani ya lenzi. Tiba inayosifiwa ni kuifukia lenzi katika debe la mchele, nayo hudumu mpaka mpishi autake mchele wake.

Kubwa zaidi, wanyama wa huku wana desturi ya kugunduliwa wakiwa ndani ya nyumba. Okapi alijulikana Ulaya kwanza kwa vipande vya ngozi vilivyofanywa mikanda, akapewa jina la kisayansi mwaka 1901. Mtaalamu wa ndege James Chapin alipata unyoya wa ajabu katika kofia wakati wa msafara wa 1909 hadi 1915. Mwenye unyoya, tausi wa Kongo, Chapin alimkuta mwaka 1936 amekaushwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Lesula ndiye anayemuumiza zaidi mhadhiri wetu. Watafiti walimwona kwa mara ya kwanza Juni 2007 huko Opala, kusini-magharibi mwa Kisangani: tumbili mchanga, uso mtupu kama wa mzee aliyechoshwa na mkutano, akifugwa nyumbani kwa mkuu wa shule ya msingi. Mwaka 2012 alitangazwa kuwa spishi mpya. Mwalimu huyo hakuwa ameacha kazi.

Siku hizi okapi hupigwa picha zaidi na kamera zinazofungwa mtini na kujifyatua mnyama anapopita. Mpiga picha hubaki na kazi ya kubadilisha betri. Matokeo mengi ni majani yaliyotikiswa na upepo, mguu mmoja wa swala, na mara chache makalio yenye milia yanayoondoka upande wa kulia. Kamera nyingine hugeuzwa makao ya mchwa, ambao hutoka vizuri sana kwenye picha.