Shangazi na Tarakimu 48

Laptopu ikianza kujiapdeti usiku, wewe lala tu, kuitolea macho hakuiharakishi. Yangu iliniomba nisiizime, nikatii. Asubuhi, siku ya kupeleka ripoti, ikaniletea skrini ya bluu na ombi la adabu kabisa: ingiza ufunguo wa dharura, tarakimu 48.

Arobaini na nane! Tokeni ya umeme wa LUKU ina tarakimu 20 tu, na kwangu huwa tunaiingiza wawili, mmoja anasoma, mwenzake anabonyeza.

Nikaibeba laptopu hadi Kariakoo kwa mpwa wangu, fundi.

“Haijafa, mjomba,” akasema bila hata kuigusa. “Kwenye madabodi kuna kachipu kanakozipima programu za kuwashia kila unapowasha. Apdeti imezigusa, vipimo havifanani na vya jana, kwa hiyo kamekataa kufungua diski mpaka uthibitishe kuwa wewe ni wewe.”

Yaani nimeweka mlinzi, naye kanizuia getini kwangu kwa sababu nimenyoa ndevu. Walinzi hawa wana historia: tarehe 19 Julai 2024, apdeti mbovu ya programu ya ulinzi iliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani. Ndege zilikwama, na huko India wapo abiria walioandikiwa pasi za kupandia ndege kwa kalamu.

Ufunguo wangu ulikuwepo, umehifadhiwa kwenye akaunti yangu ya mtandaoni. Akaunti nayo ikataka namba ya siri iliyotumwa kwenye laini yangu ya zamani. Laini hiyo nilishamwachia shangazi, yuko Muheza.

Salio sina, nikapiga kwa simu ya mpwa.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba. Nani mwenzangu?”

“Mimi, mtoto wa kaka yako. Kuna meseji imeingia hapo sasa hivi, ina namba sita. Nisomee.”

Kimya. Kisha nikamsikia akimwambia mtu pembeni, “Wamepiga wale wa ‘ile hela tuma kwenye namba hii’.”

Nikaapa kwa majina ya ukoo mzima. Akasema majina hata matapeli wanayo. Nimjibu swali: nina kovu wapi?

“Goti la kushoto. Uji.”

“Nani alikumwagia?”

Mpwa akaacha kazi asikilize.

“Wewe, shangazi.”

“Mwongo! Mpwa wangu alijigonga mwenyewe kwenye sufuria.”

Nikatazama ile skrini ya bluu, nikaikumbuka ripoti.

“Kweli, shangazi. Nilijigonga mwenyewe.”

“Na ulikuwa mtundu.”

“Mtundu sana.”

“Haya, ndiye. Ngoja nitafute miwani.”

Miwani ilipopatikana, namba ilikuwa imeshakwisha muda. Tukaomba nyingine. Hiyo akaisoma kwa kituo, kama hati ya mirathi, akitaka nirudie kila tarakimu. Akaunti ikafunguka, mpwa akanisomea zile 48 nami nikabonyeza, sita sita, mafundi wa meza za jirani wakihesabu pamoja nasi. Laptopu ikawaka, ripoti ikiwa salama salimini.

Nilikuwa nimeshaanza kukunja nyaya pale meseji ilipoingia kwenye simu ya mpwa, kutoka Muheza: “Ile hela ya miwani mpya tuma kwenye namba hii hii.”