Kupe Apewe Heshima Yake

Kila mwaka ifikapo mwisho wa Machi, nchi nzima hutega sikio kusikiliza ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Halmashauri zenye hati safi hujigamba, zenye hati chafu huitana vikaoni, na kwa wiki mbili tatu kila kijiwe cha kahawa kinakuwa na bingwa wake wa hoja za ukaguzi. Ni jambo jema. Ila yupo mkaguzi mwingine, mkongwe kuliko serikali zote zilizopata kutawala Singida, asiyedai posho, asiyeazima gari la halmashauri wala kungoja mwaka wa fedha ufungwe, na hajawahi kukaribishwa hata kikombe cha chai. Anakagua Kiomboi, anakagua Ikungi, Itigi na Nduguti, kaya kwa kaya, na ripoti yake huiandika kwenye sikio la mbwa. Namzungumzia kupe. Msaidizi wake ni kiroboto, aliyepangiwa kitengo cha paka na sakafu. Ninachodai ni chepesi kusema na kigumu kumeza: katika nyumba yenye mbwa na paka hakuna mtumishi mwaminifu kuliko hawa wawili, na hasara nyingi tunayoipata kwa ajili yao inatokana na tabia yetu ya kumuua mkaguzi na kuziacha hoja zake pale pale.

Kwanza tumsafishe jina, maana limechafuliwa kisiasa. Tangu enzi za Azimio la Arusha la 1967, kupe ndilo neno lililobandikwa kila aliyeishi kwa jasho la mwenzake. Alichorwa na kitambi na mirija, akazomewa kwenye mikutano ya hadhara. Hakupewa nafasi ya kujitetea. Angepewa, angeeleza kwamba kupe jike wa mbwa hula mara tatu tu tangu kuanguliwa mpaka kufa: mlo mmoja akiwa lava, mmoja akishapevuka nusu, na wa mwisho kabla ya kutaga. Wapo waheshimiwa waliomzomea ambao hula mara tatu kabla ya saa nane mchana. Baada ya mlo huo wa mwisho anavimba, anakuwa wa kijivu chenye mng'ao, na umbo lake linafanana kabisa na mbegu ya mbarika. Warumi waliliona hilo, wakauita mmea huo ricinus, yaani kupe, na Linnaeus akalibakiza jina hilo katika vitabu vya mimea mwaka 1753. Sisi mafuta yake tunayaita ya nyonyo. Jina la Kilatini na la Kiswahili yameufikia mmea uleule, moja kwa njia ya kupe na jingine kwa sauti ya kunyonya, na sijui heshima kubwa kuliko hiyo ambayo mdudu anaweza kuachiwa.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Mbwa wa Singida hakufugwa kwa ajili ya picha. Analinda mbuzi dhidi ya fisi, analala nje, anakula kinachobaki, na siku serikali inapomtambua rasmi ni siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, anapoburutwa kwa kamba hadi chini ya mti wa ofisi ya kijiji. Josho likijengwa linajengewa ng'ombe. Mbuzi na kondoo hupitishwa nao, na mbwa aliyewasindikiza wote hao hukaa kivulini akiwatazama wenzake wakitoka wamelowa. Nani basi anayefuatilia hali ya huyu askari? Mkaguzi wetu. Mfunue sikio kwa ndani, pale ngozi inapojikunja. Mpanue vidole vya miguu. Tazama kwapani na chini ya mkia. Kupe jike hukaa juu ya mbwa takribani wiki nzima ndipo ashibe. Kwa hiyo ukimkuta mmoja mnene kama hiyo mbegu ya mbarika, umeshika waraka wenye tarehe: sikio hili halijaguswa na mkono wa mtu kwa siku saba. Hakuna mtunza kumbukumbu wa kijiji mwenye rejista iliyonyooka namna hiyo. Na waraka huu una maana ya kitabibu, kwa sababu magonjwa mengi yanayobebwa na kupe hayaingii mwilini dakika ile ile anapouma. Mengi huhitaji saa kadhaa, mengine zaidi ya siku. Mkono unaopita jioni kila siku humkuta mkaguzi bado anafungua jalada.

Kiroboto ana mtindo wake, na yeye ni wa siri zaidi. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe maji, mlaze paka juu yake na umpitishie chanuo la meno ya karibu karibu kuanzia kiunoni kwenda mkiani. Zitaanguka chembe nyeusi ambazo mtu yeyote angesema ni vumbi la uwanjani. Zisubiri kidogo. Vumbi hubaki vumbi, lakini kinyesi cha kiroboto huanza kutoa rangi nyekundu ya kutu, kidogo kidogo, hadi kitambaa kinakuwa na madoa kama wino uliovuja. Hiyo ni damu ya paka iliyokwisha kutumika mara moja na ambayo bado ina kazi, maana funza wadogo wa kiroboto huilia huko chini sakafuni. Na hapo ndipo hoja kubwa ya ukaguzi ilipo: wale wanaoruka mwilini ni sehemu ndogo tu ya ukoo. Wengi wao ni mayai, funza na bundo waliotawanyika chini ya kitanda, kwenye gunia analolalia mbwa, kwenye nyufa za sakafu na vumbi la jikoni. Anayemmwagia mnyama dawa na kuacha sakafu anafanana na diwani anayejibu hoja moja ya ukurasa wa kwanza na kuzikalia nyingine zote.

Na tunajibuje? Hapa ndipo ninapoona haya kwa niaba ya binadamu. Mtu akiletewa hoja na kupe, hakimbilii ufagio. Anakimbilia oili chafu iliyomwagwa gereji, au mafuta ya taa, au dawa ya kunyunyizia mazao, au dawa ya josho iliyopunguliwa kwenye chupa ya maji isiyo na kibandiko, ikapimwa kwa kifuniko cha soda kwa kukadiria. Oili na mafuta ya taa huunguza ngozi, na mbwa akijilamba humdhuru ndani. Dawa za jamii ya fosfeti zinazotumika shambani humtoa mnyama udenda, zikambana pumzi, na hazibagui kati ya mbwa na mtoto atakayemkumbatia jioni. Paka ndiye anayeonewa zaidi. Permethrini, ambayo mbwa huivumilia, ini la paka haliwezi kuivunja. Paka aliyepakwa dawa ya mbwa hutetemeka, hupata degedege, na wengi hufa. Wakati mwingine hata hakupakwa: kalala tu ubavuni mwa mbwa aliyepakwa asubuhi hiyo. Amitrazi nayo, ambayo kwa mbwa hutumika ikiwa imechanganywa kwa kipimo chake, si ya paka kabisa. Kwa hiyo katika nyumba nyingi hesabu ya mwisho wa mwezi inasomeka hivi: mkaguzi kanywa damu ya kijiko, mwenye nyumba kaua paka. Nani aitwe mharibifu?

Najua nitajibiwa kwamba ninacheza na jambo la mauti. Nitakumbushwa papasi, binamu mpole wa kupe, aliyejificha kwenye vumbi na nyufa za tembe, akatoka usiku, akanywa kwa nusu saa na kurudi kitandani kwake kabla mtu hajageuka. Homa yake hupanda, huondoka, hurudi. Mwaka 1905 ilimuua Dutton, mganga wa Kiingereza aliyekuwa akiichunguza kule Kongo, na mwaka huohuo Robert Koch, akiwa huku kwetu wakati wa Wajerumani, alionyesha kwamba papasi hurithisha ugonjwa huo kwa wanawe kupitia mayai. Nitakumbushwa ndigana kali na mkojo mwekundu kwa ng'ombe. Nitakumbushwa tekenya, aliyeingia Angola kwa meli kutoka Brazili mwaka 1872 na kulivuka bara zima kwa nyayo za wapagazi, na ambaye mbwa wetu bado wanamhifadhi kwenye vidole. Nitakumbushwa na tauni: iliwahi kuipiga Singida, na kule Lushoto iliyoanza 1980 iliwapata maelfu ya watu, ikipitia kwa viroboto wa panya. Yote kweli, siyakani hata moja. Wakili wa kiroboto wa paka angeomba tu iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba mteja wake si yule wa panya. Lakini tazameni ushahidi wenyewe unavyoegemea upande wangu. Papasi hakai kwenye ukuta usio na ufa. Kiroboto wa panya hafiki mahali pasipo na panya, na nafaka iliyomwagika ndiyo iliyomwita panya. Kila ugonjwa katika orodha hiyo ni hoja ya ukaguzi iliyotolewa mapema, ikapuuzwa, kisha ikaja na riba.

Pingamizi la pili ni la mfukoni, nalo naliheshimu zaidi. Watasema: vipo vidonge vya kisasa, mbwa anameza kimoja na kupe wanadondoka kwa wiki kadhaa, ila kidonge kimoja kinaweza kuzidi bei ya jogoo, na mkoani hapa jogoo ni ada ya shule. Basi hapo mkaguzi wetu anastahili sifa ya uchumi, kwa sababu majibu anayoyataka karibu yote ni ya bure. Anataka mkono na kibano: mshike karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu bila kupindua, mtumbukize kwenye maji ya sabuni, wala usimpasue kwa kucha, usimchome kwa kijiti cha moto, usimpake mafuta ukidhani atatoka mwenyewe. Kiroboto anataka chanuo na povu la sabuni ya kipande. Funza wake wanataka jua, na jua ni mali ambayo Singida inayo kuliko akili ya kulitumia: kati ya Juni na Oktoba hewa hukauka kiasi kwamba mtoto wa kiroboto aliyetolewa kivulini hakauki tu, anakauka haraka. Gunia la mbwa likianikwa juu ya jabali, na tunayo majabali, kazi imekwisha kabla ya chakula cha mchana. Kupe wa mbwa akishashiba hupanda ukutani kutafuta ufa, akataga humo maelfu ya mayai. Udongo uliokandwa vizuri na kusiribwa kwenye ufa huo unamfukuza yeye na papasi kwa gharama ya mchana mmoja.

Kuku pia wasisahauliwe, maana mkoa huu umejulikana kwa kuku mpaka Dar es Salaam. Wana kiroboto wao, anayeng'ang'ania usoni kwa makundi kama punje za ulezi zilizobandikwa kuzunguka jicho na upanga, na ambaye huhamia bila aibu kwenye ukingo wa sikio la mbwa anayelala mlangoni mwa banda. Huyu, tofauti na kupe, mafuta ya mgando yakipakwa juu ya kishada chake humziba pumzi. Lakini kuku hulipa deni: watafiti katika Kisiwa cha Rusinga, Kenya, waliwapasua kuku waliokuwa wakizurura kati ya ng'ombe na kukuta kupe wengi matumboni. Mkaguzi kuliwa na kuku ni kifo cha heshima, na hakina sumu.

Simaanishi kwamba ufagio unatosha siku zote. Mbwa aliyepauka ufizi, aliyekataa chakula, anayetokwa damu puani, amekwisha kuvuka mpaka wa chanuo na anahitaji ofisa mifugo. Na nyumba iliyovamiwa haswa itahitaji dawa. Basi iwe iliyoandikwa jina la mnyama husika, ikiwa na kibandiko chake, na mnyama apimwe uzito. Mizani ipo: ile ya kuning'iniza inayopima gunia la alizeti humpima mbwa aliyewekwa kwenye gunia hilohilo, akilalamika, kwa nusu dakika. Anayekadiria kipimo kwa jicho anamfundisha kupe pia, kwani huyu ni mwanafunzi hodari. Kule Afrika Kusini kupe wa ng'ombe walikwisha kuizoea arseniki ya majosho kabla Vita Kuu ya Pili haijaisha, na tangu hapo wamehitimu kwa dawa moja baada ya nyingine.

Inabaki sifa moja ambayo hata wakaguzi wa serikali hawawezi kuidai, nayo ni subira. Bundo wa kiroboto hujifunga ndani ya kifuko chenye kunata, kikajipaka vumbi la sakafu mpaka kisitofautiane nalo, na humo anaweza kungoja kwa miezi. Familia inakwenda kijijini kulima, nyumba ya mjini inafungwa, paka anapelekwa kwa jirani. Hakuna anayeumwa, hakuna anayejikuna, na mtu angedhani jalada limefungwa. Kisha mlango unafunguliwa, nyayo zinatikisa sakafu, joto la mwili na pumzi vinashuka mpaka kwenye ule ufa ambao hakuna aliyeufagia kabla ya kusafiri, na ndani ya kifuko mkaguzi anaamka akiwa na njaa.