Kamera ya Mtumba na Saa ya Riziki

Safu ya majibu kwa waungwana wenye kutatizika

Mwezi huu barua zimenifikia kwa wingi kutoka Bagamoyo na vijiji vya mwambao vinavyoteremka kuelekea Dar es Salaam, na ijapokuwa kila mwandishi anadhani shida yake ni ya peke yake, karibu wote wameshikwa na homa moja, nayo ni homa ya ile kamera iliyokwisha kutumiwa na wengine, yenye kihisi kikubwa, ambayo wapiga picha huiita fulu fremu. Mimi siuzi kamera, wala sina shemeji auzaye. Basi wasomaji wayapokee majibu haya kuwa ni maneno ya mtu asiye na faida ndani yake, isipokuwa faida ya kudhaniwa kuwa ana hekima.

Akiba ya mabati

*Shikamoo Mzee Mshauri. Baada ya salamu, mimi ni kijana mpiga picha za arusi hapa Magomeni, Bagamoyo. Kamera yangu ni Canon ya kihisi kidogo, na lenzi ni ile iliyokuja nayo. Dalali mmoja wa Kariakoo ananiuzia Canon 6D iliyotumika, asema ilikuwa ya daktari aliyepiga picha siku za Idi tu. Fedha ninazo, lakini ni za mabati, kwani nyumba yangu imefika kwenye lenta. Je, ninunue au niezeke?* — Mfyatuaji

Marahaba, mwanangu. Atakaye kujua kama kamera hiyo inamfaa asianze kwa kuitazama kamera, bali aitazame saa ya riziki yake, kwa maana fadhila ya kihisi kikubwa hudhihirika pale nuru inapoadimika, ilhali penye jua la saa nane mchana, kama katika magofu ya Kaole, kamera kubwa na ndogo hutoa picha ambazo hata fundi mwenye miwani hutaabika kuzitofautisha. Wewe u mtu wa arusi, na arusi za kwetu hukesha. Kwa hiyo swali lako si la upuuzi.

Kipimo hicho cha fulu fremu ni milimita 36 kwa 24, na asili yake si wahyi bali ni busara ya Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz huko Ujerumani, aliyeitwaa filamu ya sinema akaziunganisha fremu zake mbili kuwa moja, hata kamera ya Leica ilipotoka sokoni mwaka 1925 kipimo hicho kikaenea duniani. Kihisi chako kina takriban milimita 22 kwa 15, na ukipiga hesabu ya eneo utaona kwamba kile kikubwa ni kama mara mbili na nusu ya chako, na nuru kinayoipokea ni kwa kadiri hiyo hiyo. Hiyo ndiyo bidhaa yenyewe unayouziwa, kwamba chengachenga zitapungua katika picha za usiku. Sasa geuka utazame upande wa pili. Lenzi uliyo nayo, ukiivuta hadi mwisho, tundu lake hukomea namba 5.6, lakini lenzi ya milimita hamsini yenye namba 1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa, huingiza nuru karibu mara kumi ya hiyo. Kutoa fedha za mabati kwa ajili ya mara mbili na nusu, ilhali mara kumi inapatikana kwa sehemu ndogo ya fedha hizo, ni kubomoa ukuta wa chumba chenye giza kabla ya kujaribu kufungua dirisha.

Fauka ya hayo, lenzi za namna ya EF-S, ambazo aghalabu ndizo huja na kamera kama yako, hazishiki kabisa katika mdomo wa 6D, basi mwenye kununua bodi hujikuta amenunua na deni la lenzi. Tena 6D, iliyotangazwa mwaka 2012, ina nafasi moja tu ya memori kadi, na kadi ikifa usiku wa arusi hapana mshenga wala kadhi awezaye kuirudisha ndoa ile mbele ya kamera. Ezeka nyumba, nunua lenzi ya hamsini, na mwakani, arusi zikiisha kukulipa, tafuta Canon 5D Mark III, yenye nafasi mbili za kadi, na ambayo lenzi yako ya hamsini itahamia ndani yake bila ya ugomvi. Hapo kamera itakuwa imenunuliwa na usiku ulioufanyia kazi, si na mabati.

Utando ndani ya lenzi

*Mheshimiwa Mshauri, bwana wangu alinunua kamera hiyo kubwa kwa fedha iliyokuwa ada ya watoto. Kila jioni hutoka nayo, asema anakwenda ufukweni kupiga picha jua likizama baharini. Picha sijaziona hata moja. Akirudi huizongomeza kanga akaifungia kabatini, na sasa ndani ya lenzi pameota kitu mfano wa utando wa buibui. Je, tumerogwa?* — Mama Wawili, Dunda

Bibi, hukurogwa. Utando huo ni kuvu, kiumbe ambaye hupenda unyevu, giza na hewa iliyotuama, na ambaye katika mwambao wetu hupata vyote vitatu kwa ukarimu mkubwa ndani ya kabati lolote lenye nguo. Watu hudhani kwamba kamera isiyotumiwa inahifadhika, kumbe kwetu pwani ile inayotoka nje kila siku ndiyo hudumu zaidi. Itoeni kabatini, muiweke katika chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, pamoja na vifuko vya silika vile vinavyokuja katika maboksi ya viatu na redio, na kila vikilowa muvikaushe. Wala msiitie katika mchele kama wengine wanavyofanya, kwani vumbi la mchele nalo ni mgeni mwingine. Lenzi iliyokwisha kuota itengwe na nzima, ipelekwe kwa fundi mapema, kwa sababu kuvu akiachwa hula tabaka la juu la kioo, na hapo hata akiondolewa alama yake haiondoki.

Hilo la uchawi, basi, lilikuwa jepesi. Lililo zito ni la jua. Bahari ya Bagamoyo imeelekea mashariki, kuikabili Unguja. Jua letu huchomoza majini na kuzama bara, upande wa Msata, na mtu aliyesimama ufukweni jioni akiikabili bahari huwa ana jua mgongoni. Sisemi neno juu ya bwana wako, madhali elimu yangu inakoma kwenye kamera. Lakini elimu hiyo hiyo yanilazimisha kukuarifu kwamba kila picha huandikwa ndani yake tarehe na saa ya kupigwa, na iwapo kamera yenyewe ni Canon 6D, mna ndani yake chombo cha kupokea satelaiti ambacho kikiwashwa huandika hata mahali. Mwombe kwa upole akuonyeshe jua lake.

Dalali analalamika

*Bwana Mshauri, nyinyi waandishi mnatuharibia soko. Siku hizi mteja hata hajakaa anauliza kamera imefyatuliwa mara ngapi, kana kwamba mimi nilikuwapo. Nimjibu nini?* — Dalali Mwaminifu, Kariakoo

Mjibu ukweli, ndugu yangu, na kama hukuzoea, anza kidogo kidogo. Shata ni pazia linalofunguka na kufunga kwa kila picha, na watengenezaji hulikadiria umri: Canon 6D ni mara 100,000, na 5D Mark III ni mara 150,000. Haya ni makadirio na si ajali iliyoandikwa, kwani mashata mengine hupita kadiri hiyo na mengine hufa kabla yake. Lakini mpiga picha afyatuaye mara 1,000 katika kila arusi, na akawa na arusi mbili kwa wiki, huimaliza hiyo laki moja kwa muda wa takriban mwaka, na mteja wako anayo haki ya kujua kama ananunua asubuhi ya chombo au machweo yake. Katika Nikon nyingi hesabu hiyo imo ndani ya faili la picha. Katika 6D yahitaji waya na programu ya kompyuta. Ikiwa huna vyote viwili, sema huna, wala usimlete tena yule daktari wa Idi, ambaye nimekwisha kukutana naye katika barua kadhaa. Kwani ikiwa kamera zote za Kariakoo zilikuwa zake, basi masikini hakupata hata nafasi ya kumpima mgonjwa.

Kisha mpe mteja nafasi ya kufanya majaribio yake, nawe usimhimize. Na aipige picha mbingu nyeupe tundu la lenzi likiwa limebanwa hadi namba 16, aikuze aone kama mna madoa ya vumbi juu ya kihisi. Na afunike lenzi, aiache kamera wazi sekunde 30, atafute vinukta vya rangi vinavyong'aa katika weusi. Na amulike tochi ndani ya kioo kutafuta ule utando wa Mama Wawili. Akiwa mtu wa pwani, na atazame skrubu na viguso vya shaba, kwa maana chumvi ya bahari haihesabu mifyatuo, na kamera iliyopiga picha chache ufukweni yaweza kuwa mgonjwa kuliko ile iliyokesha arusini bara. Mwisho, namba iliyo chini ya bodi ilinganishwe na ile ya kwenye risiti, na kama risiti hakuna, iandikwe hati ya mauziano mbele ya serikali ya mtaa, yenye majina na namba za vitambulisho vya nyote wawili. Mwenye kukimbia karatasi hiyo amekwisha kutoa ushahidi wake bila ya kuapishwa.

Msanii na rafiki zake

*Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa sanaa hapa chuoni TaSUBa. Rafiki zangu wasema asiye na fulu fremu hawezi kupiga picha za jukwaani, wala hastahili kuitwa mpiga picha. Je, ni kweli?* — Msanii Mchanga

Marahaba. Neno la kwanza lina ukweli, la pili halina. Jukwaa ni mahali pagumu kuliko ukumbi wa arusi: mchezaji ngoma hagandi kama bwana arusi, hivyo shata litake lisitake yapasa kukimbia, na hapo nuru huzidi kupungua, hata lenzi ya namba 1.8 isitoshe peke yake. Hapa ndipo kihisi kikubwa kinapostahili mshahara wake. Lakini saa yako ya riziki bado haijafika, na tamasha la Bagamoyo haliji kila wiki. Kwa hiyo kodi kamera kwa usiku wa tamasha, uirudishe asubuhi, na matengenezo yake yawe shida ya mwenyewe.

Ama kuhusu kustahili, waambie rafiki zako kwamba A. C. Gomes, aliyekuwa na studio Unguja katika karne ya 19, alipiga juu ya sahani za kioo ambazo mbele yake hiyo milimita 36 kwa 24 ni ukubwa wa stempu ya posta. Ikiwa heshima hupimwa kwa fremu, basi wao na wewe hamna tofauti yoyote machoni pake.

Majibu ya mkato

*Mstaafu, Mbweni:* Kwa ndege wa Saadani baki na kihisi kidogo, kwani lenzi ya 300 ndani yake huona kama ya 450 au zaidi, na mgongo wako hautabeba mzigo wa pili.

*Bi Arusi Mtarajiwa, Kerege:* Usimuulize mpiga picha ana kamera gani. Mwambie akuonyeshe arusi moja nzima ya usiku, tangu mwanzo hata mwisho, si picha kumi alizozichagua.

*Mwenye Haya, Kunduchi:* Unahofu wateja watakucheka kwa kamera ndogo. Mteja huuliza mambo mawili, bei na siku ya kupewa picha. Jitayarishe zaidi kwa la pili.