Ssenga wa Vifaa: Majibu kwa Wenye Shida za Mita, Betri na Mashemeji

Katika desturi ya Buganda, ssenga ni shangazi, yaani dada wa baba, ambaye hukabidhiwa kazi ya kumfunda binti kabla ya kuolewa na huendelea kumshauri hata baada ya ndoa, na kwa kuwa maisha ya Kampala yamewatawanya watu wa ukoo mmoja na kuwaacha wasichana wengi mbali na mashangazi zao, kazi hiyo imehamia pia kwenye redio na magazeti ya Kiluganda, ambako ssenga wa kulipwa husikiliza shida za watu asiowajua na kuzijibu mbele ya umma. Safu hii imeazima kiti hicho kwa ajili ya simu, mita, saa na vifaa vingine vya jiji hili, kwa hoja kwamba kifaa nacho huolewa: huingia katika nyumba yenye wenyewe, hukuta mazoea yaliyokitangulia, na aghalabu ugomvi unaoripotiwa kuwa wake hugeuka, barua inaposomwa hadi mwisho, kuwa ugomvi wa mwenye nyumba, jirani au shemeji. Msimamo wa safu na utangazwe mapema ili asiwepo wa kulalamika baadaye: inapenda vifaa kupita kiasi, hushuku kila kinachoitwa kipya, na huthamini ushahidi wa fundi kuliko ahadi ya muuzaji.

Barua ya kwanza imetoka Kireka, kwa mpangaji anayeishi katika mizigo, yaani vyumba vya kupanga vilivyojengwa kwa mstari na kutazama ua mmoja, pamoja na familia nyingine saba zinazotumia mita moja ya Yaka. Yaka ni mfumo wa umeme wa kulipia kabla, ambapo mtumiaji hununua uniti kwa simu, hupokea tokeni ya tarakimu 20, huiingiza kwenye mita na kutumia hadi uniti zitakapokwisha; mfumo huo ulianzishwa enzi za kampuni ya Umeme, na haukubadilika sana mkataba wa miaka 20 wa kampuni hiyo ulipomalizika tarehe 31 Machi 2025 na usambazaji kurudi kwa UEDCL, kampuni ya serikali. Mlalamikaji anaeleza kwamba kila uniti zinapokwisha kabla ya siku iliyotarajiwa, macho ya ua mzima huelekea kwenye runinga yake, na kwamba kikao cha wapangaji kimeazimia achangie maradufu.

Hesabu inaonyesha kwamba mshitakiwa ameonewa. Uniti moja ni kilowati moja inayotumika kwa saa moja. Runinga ya kisasa ya inchi 32 hula takriban wati 50, kwa hiyo ikiwaka saa nne, kuanzia taarifa ya habari hadi mwisho wa tamthilia, hutumia sehemu moja ya tano ya uniti, kiasi ambacho pasi ya wati 1,200 hukifikia kwa dakika 10 tu, ilhali jiko la koili la wati 1,500 likichemsha maharage kwa saa mbili mfululizo humaliza uniti tatu, ambazo zingeiwasha runinga hiyo kwa siku 15. Tatizo la runinga ni kwamba inasikika. Jiko la koili halina sauti, maharage hayana muziki wa kuanzia wala wa kumalizia, na baraza la wapangaji, kama mabaraza mengi, huhukumu kwa masikio.

Lililo zito zaidi, ambalo kikao hicho hakikuligusa kabisa, ni kwamba uniti 15 za kwanza za kila mwezi hutozwa mteja wa nyumbani kwa bei nafuu, na nafuu hiyo huhesabiwa kwa mita bila kujali ni kaya ngapi zimejipanga nyuma yake, kwa hiyo familia nane za Kireka hugawana unafuu uliokusudiwa familia moja na kwa muda mwingi wa mwezi hulipa bei ya kawaida, huku bwana wa jumba la peke yake, mwenye lango la chuma na mita yake mwenyewe, akifaidi uniti zake 15 bila kubughudhiwa. Mita ndogo za ndani, ambazo fundi wa umeme huweza kuzifunga kwenye kila chumba, zitamaliza ubishi wa nani kala nini, lakini hazitairudisha nafuu hiyo, kwa sababu msambazaji hazitambui. Mwenye uwezo wa kuomba mita kamili ni mwenye nyumba peke yake. Na mwenye nyumba, kama barua inavyodokeza katika sentensi yake ya mwisho, anaishi chumba cha kwanza kulia na ndiye mwenye jiko la koili. Mlalamikaji anashauriwa kuiwasilisha hesabu hii kwenye kikao bila kutaja jina la mtu, na kupunguza sauti ya runinga.

Msomaji wa Najjera, karani wa ofisi ya katikati ya jiji, amezawadiwa saa janja na shemeji yake aliyeko Dubai, na saa hiyo humpongeza kila jioni kwa kufikisha hatua 10,000 ilhali suruali zake zinazidi kumbana. Anauliza kama saa ni mbovu. Saa ni nzima, ila imedanganyika kwa haki: ndani yake mna kihisio, yaani kipande kidogo kinachopima mtikisiko wa mkono na kuufasiri kuwa hatua, na kihisio hicho kilisanifiwa na watu ambao yaelekea hawakuwahi kubebwa na bodaboda kutoka Najjera hadi mjini. Hali ya barabara za Kampala imekwisha kuwa somo la umma tangu Aprili 2023, pale Jimmy Spire Ssentongo, mchoraji wa katuni na mhadhiri, alipowaalika wakazi kushiriki katika maonyesho ya mashimo, na picha za mashimo yaliyojaa maji zikafurika mitandaoni kwa siku kadhaa hadi serikali ikalazimika kuzungumzia fedha za ukarabati. Haitakuwa kutia chumvi kusema kwamba sehemu kubwa ya hatua za msomaji huyu zimetembewa na pikipiki. Isitoshe, lengo lenyewe la hatua 10,000 halikuzaliwa maabara, kwa kuwa lilienezwa na kipima hatua cha Kijapani kilichoitwa Manpo-kei, kilichoanza kuuzwa mwaka 1965. Msomaji aivue saa apandapo bodaboda na kuitia mfukoni, ingawa nako itahesabu kidogo, na ashuke steji mbili kabla ya kwake, akipita bila kusimama mbele ya muuza chapati za mayai. Shemeji wa Dubai, ambaye barua inasema huomba picha ya kioo cha saa kila Jumapili, aendelee kutumiwa hesabu za zamani, kwa maana amani ya ukweni ina thamani yake.

Barua ya Ntinda ndiyo iliyoisumbua safu kwa muda mrefu zaidi. Mwandishi wake ni mshonaji anayeuza magauni kupitia Facebook, na anauliza kwa nini simu yake humletea matangazo ya baiskeli na makoti ya baridi kwa lugha ya Kiholanzi, hasa baada ya mumewe kuliona tangazo la nyumba za kupanga Amsterdam na kuanza kumhoji, kwa upole wa kutisha, kuhusu mipango yake ya mwaka ujao.

Mume huyo anapaswa kuelezwa historia. Tarehe 1 Julai 2018 Uganda ilianza kutoza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila aliyetaka kutumia mitandao ya kijamii, na watumiaji wengi waliikwepa kwa VPN, yaani programu inayoyapitisha mawasiliano ya simu katika njia iliyofungwa hadi kwenye kompyuta ya nchi nyingine, kiasi kwamba tovuti inayotembelewa humwona mgeni kana kwamba yupo katika nchi hiyo. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 2021, na kuanzia Julai mwaka huo ikaja ya asilimia 12 juu ya bei ya bando lenyewe, ambayo haikwepeki kwa VPN kwa sababu hukatwa mlangoni. Lakini kabla ya hapo, Januari 2021, Facebook ilifungiwa siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 14, kisha intaneti nzima ikazimwa tarehe 13 kwa siku zipatazo tano, na ilipowashwa Facebook haikurudi pamoja na wenzake. Ndiyo maana biashara ya magauni ya Ntinda, ambayo haijawahi kuvuka mpaka wa Busia, kila asubuhi hupitia Uholanzi kabla ya kumfikia mteja wa Kiwaatule.

Kitaalamu, njia rahisi ya kuyaondoa matangazo hayo ni kubadili nchi ya kutokea katika mipangilio ya programu, kwa mfano kuchagua Kenya. Safu hii inaipinga njia hiyo. Mume anayehofia Amsterdam anaweza kutulizwa kwa kuonyeshwa bei ya tiketi ya ndege, ilhali mume atakayeona matangazo ya nyumba za kupanga Nairobi, mji unaofikika kwa basi la usiku, atakuwa na sababu ya kutolala. Amsterdam ibaki. Yapo mawili tu ya kurekebisha: kwanza, VPN izimwe kabla ya kufungua programu ya benki, maana benki ikiona mteja wa Ntinda anaingia kutoka Ulaya inaweza kumfungia akaunti kwa nia njema kabisa, pili, VPN ya bure itiliwe shaka, kwa kuwa mwenye VPN hiyo anazilipia kompyuta za Uholanzi kwa fedha inayotoka mahali fulani, na mara nyingi mahali hapo ni kumbukumbu za shughuli za mtumiaji.

Msomaji wa Bukoto amegombana na wajomba wa mchumba wake baada ya kutuma shilingi 50,000 za mchango wa kwanjula, yaani sherehe ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe, bila kuongeza ya kutolea. Tangu MTN ilipoanzisha huduma ya fedha kwa simu nchini mwaka 2009, adabu mpya imejengeka ambayo haijaandikwa popote: anayetuma kwa mkubwa huongeza gharama ya kutoa kwa wakala. Tangu mwaka 2018 hesabu hiyo ina kodi ndani yake, ambayo ilianza kwa asilimia moja, ikazua kelele, ikapunguzwa kuwa nusu asilimia na kubaki kwenye kutoa tu, kwa hiyo mjomba alipoteza shilingi 250 kwa serikali kabla hata ya ada ya mtandao. Kosa ni la mtumaji. Atume pungufu hiyo leo, pamoja na ya kuitolea.

Mwanafunzi wa Wandegeya anauliza kama ni vibaya kuiacha kompyuta mpakato ikichaji usiku kucha, na anaongeza, kama jambo dogo, kwamba huichaji chini ya godoro ili wanaoishi naye wasiione. Betri za ioni za lithiamu, ambazo Sony ilianza kuziuza mwaka 1991, huchakazwa na joto kuliko kitu kingine chochote, na godoro ni blanketi lililoneneshwa. Aitoe huko kabla ya kumaliza kusoma jibu hili. Swali la usiku kucha litajadiliwa wakati mwingine, akiwa bado na chumba.

Ya mwisho ni ya kijana wa Gayaza ambaye mama yake, aishiye kijijini karibu na Masaka, amekataa mara tatu simu janja aliyonunuliwa na amerudi kwenye katorchi, jina ambalo Uganda imeipa simu ndogo ya vitufe yenye tochi. Kijana anaomba maneno ya kumshawishi. Hatapewa. Ukoo wa katorchi una heshima zake, kwa kuwa Nokia 1100 ya mwaka 2003, iliyobuniwa kwa ajili ya nchi zenye vumbi na umeme haba, ikiwa na tochi kichwani na vitufe vilivyofunikwa dhidi ya uchafu, iliuzwa zaidi ya milioni 250, idadi ambayo simu za bei ya shamba la kahawa bado zinaiota. Katorchi hukaa na chaji kwa siku kadhaa, hutuma na kupokea fedha bila intaneti, huanguka kisimani ikaanikwa juani na pengine ikapona, na haimdai mama nywila ambayo atalazimika kumpigia mwanawe ili akumbushwe. Kijana anasema atakosa kumwonyesha picha za wajukuu. Katika Barabara ya Nasser, ambako Kampala huchapisha kila kitu kuanzia kadi za harusi hadi vyeti ambavyo safu hii haitavizungumzia, picha 20 zitachapishwa kabla ya saa sita, kwa gharama iliyo mbali sana na ile ya simu iliyokataliwa. Azipeleke mwenyewe, na apitie dukani kumnunulia mama muda wa maongezi, kwa maana, kwa mujibu wa barua yake kijana, ndicho kitu pekee mama alichoomba mara zote tatu.