Ratiba ya Mgeni wa Kigali

Mgeni wa Kigali huteremka Gisenyi Jumamosi na ratiba iliyochapwa: saa nne ufukweni Kivu, saa tano maji ya moto Nyamyumba, saa sita na nusu mishikaki ya mbuzi. Heko! Ziwa na maji ya moto atayapata. Mishikaki, je? Hapa mteja huagiza kwanza, ndipo mkaa uwashwe. Saa nane bwana mkubwa bado anatafuna visamaki vya sambaza vya kukaanga, kichwa na mkia, pilipili ya Akabanga ikimtoa machozi, huku akiuliza kwa upole kama jikoni kuna mtu. Jioni kapangia Nyiragongo, dakika kumi, pamoja na picha. Mlima uko ng'ambo, Kongo, umejitanda mawingu. Haukutumiwa nakala ya ratiba.