Jinsi ya Kuchagua Mkondo Ambao Umekwisha Kuchaguliwa

Mdogo wangu wa Rumonge hapa Burundi, umemaliza darasa la tisa na mtihani wa taifa umeufanya. Wakubwa wanasema sasa ni wakati wa kuchagua mkondo wa masomo. Usibabaike, kazi hiyo ni nyepesi mno wengine wakishakufanyia. Fuata hatua hizi.

1. Penda kila somo sawasawa. Tangu mageuzi ya 2013 yalipoleta ekofo, shule ya msingi ya miaka tisa, hukuwa na somo la kukataa. Fizikia, kemia na biolojia zilifungwa furushi moja. Lugha ni nne: Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Ukiuliza kama unaweza kupunguza moja, utaambiwa zote ni muhimu, kisha utaoneshwa ratiba utafute mwenyewe muda wa kuzijua.

2. Sahau Kiswahili chako. Unakisema tangu utotoni; ndicho unachonunulia ndagala na kubishania nauli ya basi la Bujumbura. Hayo si kitu. Ukiandika "vitu ya mama" utakatwa alama, na ni haki. Mwenzako wa Burambi kule milimani, aliyekikuta Kiswahili kitabuni, ataandika "vitu vya mama" na kukupita. Mpongeze, halafu mpeleke sokoni umfundishe kuomba kupunguziwa bei.

3. Andika chaguo lako kwa hati nzuri. Weka Sayansi kwanza, Lugha pili. Hati ni muhimu, maana matakwa yako yatasomwa baada ya alama zako na nafasi zilizobaki. Orodha ikibandikwa, tafuta jina kwanza, mkondo baadaye. Ukikuta umepangiwa Ualimu katika komini usiyowahi kukanyaga, sema tu: "Wito huo nilikuwa nao tangu zamani."

4. Usitazame ziwani. Tanganyika ina kina cha mita 1,470. Duniani inapitwa na Baikal peke yake. Usiku usio na mwezi wavuvi huwasha taa juu ya katamarani, ndagala wakaufuata mwanga, wavu ukapandishwa. Fizikia ipo hapo, biolojia ipo, na hesabu za faida zipo. Lakini kwenye mikondo ya jumla uvuvi haumo. Mawese nayo hayamo, ijapokuwa mpika sabuni wa mtaani anajua vizuri mafuta yanavyogeuzwa na soda kali. Usimsumbue mwalimu kwa mambo haya. Ana programu ya kumaliza.

5. Soma ujasiriamali kwa utulivu. Nao ni wa lazima. Utaeleza maana ya mtaji, soko na hasara, kwa nukta. Mama yako, ambaye mawese yake ndiyo yaliyokununulia daftari, asiulizwe neno. Yeye hana cheti.

Tuache utani. Nchi yenye walimu wachache na maabara za kuhesabika haiwezi kumpa kila mtoto anachotaka. Lakini miaka mitatu, mpaka mtihani wa serikali, ni mingi kwa mtu ambaye hakuulizwa kwa dhati. Wazazi, kaeni na mtoto kabla chaguo halijaandikwa, mumsikilize yeye kabla ya majirani. Na wakuu wa shule, anayekuja kuomba kubadilishiwa mkondo wiki ya kwanza msimwite mkaidi. Mpeni kiti kama bado kipo.