Kipenzi, Uko Ngazi Gani?

Kila tangazo la darasa la kupamba keki linaloingia kwenye simu yangu lina ngazi tatu: ya awali, ya kati na ya juu. Juu kuna picha ya keki ya ghorofa nne iliyosheheni waridi za sukari. Chini kuna bei, namba ya kutumia pesa, na swali linalonipandisha presha: "Kipenzi, uko ngazi gani?"

Ningejua niko ngazi gani, si ningekuwa mwalimu?

Swali hilo limetungwa na mtu anayeamini kwamba binadamu wote hujifunza kwa foleni. Sisi tuliojifunza wenyewe hatukupanda ngazi yoyote, tuliingilia dirishani. Kuna mambo ya ngazi ya juu tunayafanya huku tunapiga soga, na kuna ya ngazi ya awali ambayo hatujawahi kuambiwa kwamba yapo. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilifunzwa na sufuria. Naoka keki juu ya mbabula, mchanga chini, makaa juu ya kifuniko, na inatoka imeiva pande zote. Mwalimu wa ngazi ya juu mwenye oveni ya vitufe aje ajaribu, nimkalie kwenye kigoda nimtazame. Lakini niambie ninyooshe krimu hadi pembe za keki zikae kali, nitakwambia mlangoni kuna mgeni, tuongee kesho.

Basi mtu wa namna hiyo anaandikishwa wapi? Ya awali, ya kati au ya juu?

Asiyeijua Bendera, ninakookea keki zangu, aelezwe kidogo, asije akadhani nadeka. Bendera iko Kongo, upande wa Kalemie, jimbo la Tanganyika, kwenye barabara ya taifa namba 5, ile inayopanda kaskazini kuelekea Fizi na Uvira. Tuna sifa mbili duniani. Ya kwanza ni mto Kiymbi, ambao Wabelgiji waliutegea mitambo ya umeme, na nyaya zake husafiri zaidi ya kilomita 100 hadi mjini Kalemie. Ya pili ni kwamba Che Guevara alipita huku na mambo yakamwendea vibaya, huyo nitamrudia. Keki haimo kwenye sifa zetu. Umeme unazaliwa jirani yangu, unakwenda kuwasha friji za watu wa mjini, na mimi napoza krimu kwenye beseni la maji ya mto uleule.

Darasa la kukaa kwenye kiti halipo hapa, kwa hiyo tunasoma kwa simu. Walimu wengi wako Dar es Salaam, ambako saa inatutangulia kwa saa moja nzima. Likitangazwa darasa la saa tatu usiku, kwetu ni saa mbili, na saa mbili ndipo watoto wanataka bukari, jirani anataka kuchaji simu, na rezo inataka kulala. Mwalimu anatuma video. Mega zinaisha kabla yai halijavunjwa. Unanunua mega nyingine, unakuta somo limefika kwenye kupamba, na wenzako wote wameshaandika "asante mwalimu, Mungu akubariki".

Tuanze na ngazi ya awali, maana hapo ndipo moyo wa fundi wa nyumbani unapokataa kwanza. Nilitumiwa orodha ya masomo: kupepeta unga, kupima sukari, kupaka mafuta chombo, kuvunja yai. Nilipe dola nifundishwe kuvunja yai? Shemeji yangu, mwenye ulimi usiokuwa na Jumapili, alisoma orodha hiyo juu ya bega langu akasema: "Yaya, wewe unayeuzia watu gato za harusi, utakwenda kukaa na wanaoanza? Wateja wakisikia, si watadai bei ishuke?" Na kweli watadai. Huku mtu akijua unasoma, anaona ulikuwa unamuuzia mazoezi.

Ngazi ya kati ni ya fondanti. Sina ugomvi na fondanti kama fondanti. Ni sukari iliyokandwa ikawa nguo, inavishwa keki, inapendeza kwenye picha. Lakini nifuatilie njia yake hadi inifikie. Ndoo inatoka Dar, inavuka nchi nzima hadi Kigoma, inapanda chombo kuvuka ziwa hadi Kalemie, halafu inakaa kwenye lori ikisubiri barabara ikauke. Inapofika Bendera bei yake imeota ndevu. Na baada ya safari yote hiyo, fondanti ni sukari, na sukari hupenda maji. Msimu wa mvua inavuta unyevu hewani, inatoka jasho, inang'aa, inanata. Nilipomuuliza mwalimu kwa ujumbe wa sauti nifanye nini, alijibu kwa upole kabisa: "Kipenzi, washa AC."

Nikamshukuru. Heshima ni muhimu.

Ngazi ya juu ndiyo maua ya sukari, kila petali moja peke yake, yanafungwa kwenye waya mwembamba, yanapakwa rangi ya unga kwa brashi. Ni kazi ya kustaajabisha, sikatai. Ila mteja wangu ni papa aliyemwoza binti yake, na papa huyo akilipia kitu kilicho juu ya keki, anakusudia kukila. Mwambie "hilo ua ni la kutazama tu, ndani lina waya" uone atakavyokutazama wewe.

Na msimu wa matokeo ya Exetat, ule mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ndiyo usiseme. Mtoto akipata diplome, familia nzima inamwagia poda nyeupe kichwani hadi awe mweupe pepepe, wanaimba, wanazunguka mtaa. Poda haina adabu ya kuchagua. Keki iliyowekwa mezani inapata sehemu yake, na pambo ulilolikeshea usiku kucha linabaki halijulikani kama ni ua, ni jina la mtoto, au ni talki. Hapo ngazi ya juu na ya awali zinakuwa sawa mbele za Mungu na mbele za wageni.

Ninachosema ni kwamba ngazi hizi zilipangwa na watu wa baridi. Malkia Victoria aliolewa London tarehe 10 Februari 1840, na keki yake ilikuwa na uzito wa karibu kilo 136. Februari ya London! Hapo hata mimi ningejenga ghorofa. Dewey McKinley Wilton alipoanza kufundisha watu kupamba keki mwaka 1929, alikuwa Chicago, mji ambao siagi ukiisahau nje mwezi wa kwanza unaikuta jiwe. Mpangilio wa kuanza na krimu, kwenda kwenye fondanti, kumalizia na maua, una maana mahali ambapo krimu ni jambo jepesi. Siagi huyeyuka kati ya digrii 32 na 35, na kabla ya hapo imeshalegea. Mchana wetu wa Septemba unazikaribia digrii hizo bila kuombwa. Kwetu krimu ndiyo mtihani wenyewe. Ua la sukari linaweza kukaa kabatini wiki nzima likisubiri mteja, ila krimu haikusubiri hata umalize kuongea.

Kwa hiyo mama wa Bendera anayejua kufanya krimu ikasimama, mimi namweka ngazi ya juu, hata kama hajawahi kugusa waridi. Naye wa mjini mwenye waridi mia na krimu inayomwagika, arudi akae mbele, karibu na ubao.

Sasa tumrudie Che Guevara, ambaye alipokuwa huku mwaka 1965 alijiita Tatu. Wacuba wenzake walikuwa Moja, Mbili na kuendelea, kana kwamba nao walipangwa kwa ngazi. Juni ya mwaka huo ilikuja amri ya kushambulia kambi ya Bendera na mitambo yake ya umeme. Guevara mwenyewe aliona lengo hilo ni kubwa mno kwa watu ambao hawajaiva. Alipendelea waanze na Katenga, mahali padogo. Hakusikilizwa. Shambulio likafanywa, likavunjika, Wacuba wanne wakafa, na siri ya kuwapo kwao Kongo ikafichuka. Sasa kama mtu aliyepigana Kuba na kushinda aliona afadhali kuanzia Katenga, wewe uliyeoka keki za komunyo mbili tatu, haraka ya ghorofa nne unaipeleka wapi?

Lakini Katenga ya kila mtu iko mahali pake. Hilo ndilo matangazo hayataki kukuambia, kwa sababu ngazi nzima ina bei kubwa kuliko somo moja. Nimejitungia mtihani wangu, na naugawa bure kwa yeyote aliyejifunza kwa sufuria.

Swali la kwanza: ukitoa keki kwenye chombo, kichwa chake unakifanyaje? Kama jibu ni "nakifunika kwa krimu nyingi", tafuta somo la kukata na kusawazisha. Keki yenye mgongo haipambiki, hata umwite malaika. Ukiisawazisha, paka krimu nyembamba kwanza ya kukamata makombo, iache ishike, ndipo upake ya pili. Mambo haya mawili yamo kwenye ngazi ya awali, yamejificha baada ya lile somo la kuvunja yai. Ndiyo hila yao.

Swali la pili: krimu yako inasimama muda gani nje ya kivuli? Usinijibu kwa matumaini; iweke nje, itazame. Siagi tupu haitutoshi huku. Mafuta ya mgando yanavumilia zaidi, na wengi wetu tunategemea majarini ya kopo kwa sababu hiyo. Kuna pia krimu za ute wa yai uliopashwa moto pamoja na sukari, ambazo hustahimili joto kuliko siagi na sukari ya unga peke yake. Mwalimu asiyeweza kukueleza tofauti hizi, hata akiwa na cheti cha ukutani, hana cha kumfundisha mtu wa kando ya ziwa.

Swali la tatu: ukiweka keki juu ya keki, nini kinaishikilia ile ya juu? Kama jibu lako ni "Mungu", Mungu ni mwema, lakini nenda kajifunze vijiti. Kila ghorofa inakaa juu ya kibao chake, na kibao kinakaa juu ya vijiti vilivyokatwa kwa kimo kimoja, vikachomekwa kwenye keki ya chini. Uzito unabebwa na vijiti, keki inapumzika. Hili wanaliweka ngazi ya juu, na mimi nasema ni dhambi. Keki yetu inapanda pikipiki. Nani anahitaji vijiti kuliko mtu wa barabara namba 5?

Swali la nne ni la mkono: jaza mfuko wa krimu, weka nozo ya nyota, piga nyota kumi mfululizo. Zikitoka ndugu, mkono wako umeiva. Zikitoka majirani wasiosalimiana, tatizo ni kukamua kwa nguvu isiyolingana, na dawa yake ni mazoezi juu ya sinia, unakwangua, unarudia. Usilipie ngazi ya kati kwa ugonjwa huo.

Ukimaliza maswali manne, tundu lako litajionyesha. Nunua somo linaloziba tundu hilo, moja, halafu usimame. Na huu si uzushi wa Bendera. Tanzania, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunzia kazini na mitaani: wanatazama mkono wako unaweza nini, wanakujazia pengo, wanakupa cheti. Kenya kuna mitihani ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, na ndani yake wengi ni watu waliokuja na ujuzi wao tayari mkononi. Serikali zimeelewa kwamba kuna watu walioingilia dirishani. Walimu wa simu bado wamesimama mlangoni wanadai ngazi.

Nilimwandikia yule wa Dar nikamwomba aniuzie masomo mawili tu: la kunyoosha pembe na la vijiti. Alijibu kwamba mfumo haumruhusu, ila kama nitachukua ngazi zote tatu kwa pamoja kuna ofa, kipenzi. Shemeji akasema nimpigie hesabu ya gunia la makaa. Nilipiga. Makaa yakashinda.

Neno langu kwa mafundi wenzangu wa sufuria ni hili. Ukiulizwa uko ngazi gani, usijibu. Muulize mwalimu maswali mawili: orodha ya masomo, somo kwa somo, iko wapi, na keki yake ikiwekwa nje tangu saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, itakuwaje? Akikuonyesha keki iliyosimama, lipa, hata kama darasa linaitwa la chekechea. Akikwambia uwashe AC, mtakie usiku mwema, wewe uliye saa moja nyuma yake, na pesa zako uzibakize mfukoni.